Watoto Wametulia: Risala ya Wazazi wa Gitega kuhusu Mchezo wa Matofali

Mgeni rasmi, Madamu Mshauri wa Gavana katika mambo ya jamii, Bwana Esdras Zihalirwa, mwakilishi wa shirika lililotuletea michezo, mashehe na wachungaji, majirani wote, na nyinyi watoto mliokaa pale mbele, mikono magotini, kama mlivyoagizwa: asalaam aleikum, na amahoro kwa kila mmoja.

MAKARIBISHO

Madamu Mshauri, karibu katika mtaa wetu wa Waswahili hapa Gitega. Tunajua hukuja kukaa. Barabara ya Muyinga hufungwa mapema alasiri, makatoni yamejaa nyuma ya gari lako, na dereva wako tangu tuanze salamu hajaacha kuangalia saa. Kwa hiyo tutasoma haraka, na vifungu viwili vya shukrani tumeviruka. Shukrani zenyewe zipo, utazikuta kwenye sahani.

Ninayesoma naitwa Kulthumu, fundi wa kushona na katibu wa umoja huu wa wazazi. Mwenyekiti wetu, Maalim Chabani, ambaye ndiye mwalimu wa madrasa, alisoma Kigoma, na Kiswahili hiki amekinyoosha yeye. Mkisikia mahali kimepinda, hapo ni mimi. Ameniomba nisome kilichoandikwa nisiongeze neno. Nitajitahidi, ila mnanijua.

Tukwambie ukweli pia, Madamu, kwamba risala hii imeandikwa mara ya pili. Ya kwanza ilikuwa nzuri mno. Ilisema mchezo wa matofali umewaponya watoto wetu, tunashukuru, leteni mingine. Tukaisoma kwa sauti kwenye kikao, na mama mmoja akainuka akatoka nje. Hapo ndipo tulipoanza kugombana, na mpaka jana asubuhi tulikuwa tunagombana. Utakachokisikia leo ni kile tulichokubaliana, pamoja na kile tulichokubaliana kwamba hatukubaliani.

SISI NI NANI

Sisi ni wazazi. Ni mafundi wa kushona, wauza mandazi, wachuuzi wa chumvi na vitenge, na fundi redio mmoja. Baadhi yetu babu zao walizaliwa mtaa huu. Wengine walishuka kutoka Buraza vita vilipopanda milimani. Wengine walitoka Mwakiro wakakimbilia Muyinga mjini, na huko nako kulipochafuka wakaja kwetu na magodoro kichwani. Hatukuuliza mtu ni kabila gani. Mtaa huu haujawahi kuuliza hivyo, na waliokuja kutuuliza sisi tuliwajibu kwamba hapa kuna Waswahili tu, na tukafunga mlango.

Vita vilipoanza mwaka wa tisini na tatu tulidhani ni mambo ya wiki. Leo, mwaka wa tisini na tisa, watoto waliozaliwa wakati ule wanang'oa meno ya utotoni. Ukigonga mlango kwa nguvu, hawaulizi ni nani. Wanaingia chini ya kitanda.

Madamu, kuna desturi yetu moja lazima uijue, maana bila hiyo hutatuelewa. Tunaiita shika aliye karibu. Mwanzoni, risasi zilipolia, kila mama alikimbia kumtafuta wake, na kwa kutafutana huko tulipoteza watu. Maalim Chabani akasema, kuanzia leo hakuna kumtafuta mwanao. Ukisikia mlio, mshike mtoto aliye karibu nawe, awe wa yeyote, kimbia naye mpaka uwanja wa msikiti, tutajuana huko. Ilikuwa ngumu. Mwambie mama ampite mwanawe aokoe wa jirani, uone atakavyokutazama. Lakini tulizoea, na imetuokoa mara nyingi, alhamdulillahi. Kule msikitini tunabadilishana watoto kama watu waliochukuliana viatu kwa makosa baada ya swala.

MCHEZO ULIVYOFIKA

Mwaka jana Bwana Esdras alifika hapa. Ni mtu wa Kivu ya Kusini, naye ni mkimbizi kama nusu ya mtaa, anajua kulala na viatu. Alileta unga wa uji wa soya, mabati ya kuezekea chumba kimoja cha madrasa, na vimashini vidogo vya kushika mkononi. Ndani ya kimashini kuna kioo, na kwenye kioo vinashuka vipande vya matofali, kimoja kimoja. Mtoto anavigeuza na kuvipanga. Mstari ukijaa, unafutika. Akishindwa kupanga, matofali yanarundikana mpaka juu, mchezo umekwisha, anaanza upya. Hakuna picha ya mtu, hakuna bunduki. Hilo tuliliangalia kwanza, na tukaridhika.

Mwanzoni vimashini vilikuwa vinalia. Mstari ukifutika, vinapiga kikengele. Watoto walipenda kile kikengele kuliko matofali yenyewe. Lakini askari wa doria walikuja mara mbili kuuliza ni kitu gani kinalia humu, na sisi akina mama tukaogopa. Tukampelekea Matata, fundi redio wetu, tukamwomba avinyamazishe. Alivifungua akakata waya wa spika, kimoja baada ya kingine, huku akinung'unika. Alisema maisha yake yote watu wamemletea redio isiyolia aifanye ilie, na hii ni mara ya kwanza kuletewa inayolia aifanye bubu. Tulicheka. Siku hizi hatucheki sana tukikumbuka.

MAFANIKIO

Mafanikio yapo, na asiyekubali na aje alale na watoto wetu mwezi mmoja.

Watoto waliokuwa hawawezi kukaa mpaka mwisho wa sura moja fupi, sasa wanakaa. Maalim mwenyewe ameona. Wanashika mpangilio, wanahesabu, wanatazama mbele kipande kijacho kitakaa wapi. Mimi nina wasichana watatu wanaojifunza kushona kwangu, na wale wanaocheza matofali wanapanga vipande kwenye kitambaa bila kunimalizia kitenge. Watoto wa kambi ya waliohama na watoto wa mtaa, ambao walikuwa wakirushiana mawe kisimani, sasa wanakaa wawili wawili kwenye kimashini kimoja, huyu anabonyeza, yule ananong'ona geuza, geuza. Ndiyo, wananong'ona. Tutarudi hapo.

Na yuko Shakila. Tumepata ruhusa ya mama yake, Salima, muuza mandazi, kumtaja kwa jina. Shakila ana miaka tisa. Alitoka Mwakiro na mama yake, baba hakutoka. Wakakaa Muyinga, wakahama. Alipofika kwetu alikuwa anapiga ukelele kila mlango ukijibamiza, ukelele wa kukupasua moyo, na kitanda alikilowesha. Akapewa kimashini, ukelele ukaisha, na kitanda kikakauka. Salima aliangua kilio mbele ya watu kwa furaha, na sisi tukalia naye.

Ndipo Bwana Esdras alipokuja kutuuliza kama mchezo unawafaa watoto. Alipita mama kwa mama, kwa adabu yake, swali ni lile lile, "Watoto wametulia?" Tukajibu wote, wametulia. Hatukudanganya. Katika nchi hii ya leo, mama gani ataulizwa swali hilo ajibu vingine? Mtoto aliyetulia ni mtoto anayeweza kufichwa. Jibu letu likapanda juu, likafika kwa wakubwa, na leo limegeuka makatoni ya vimashini yanayopelekwa Muyinga, Mwakiro na Butihinda, kwa watoto wa ndugu zetu. Bwana Esdras, usiinamishe kichwa, hatukulaumu. Uliuliza vizuri, na sisi tukajibu vizuri. Basi, ni swali tu lilikuwa dogo kuliko watoto.

YALIYOTUGAWA

Hapa Maalim alitaka kuandika Matatizo. Tukamwambia hapana, matatizo ni bei ya sukari.

Baada ya Ramadhani, siku ya soko, asubuhi, risasi zililia upande wa mlima. Tukafanya kama tulivyozoea. Kila mtu akashika aliye karibu. Mimi nilimshika mtoto wa muuza mkaa, nikapoteza kiatu. Salima alikimbia na watoto wawili wa watu, mmoja mgongoni, mmoja kwapani. Tulipofika uwanja wa msikiti tukaanza kupeana watoto, huyu wako, huyu wangu, mpaka mikono yote ikajaa. Ya Salima ikabaki mitupu.

Tulipitia njia ile ile, Madamu, mbele ya mlango wa chumba cha madrasa, watu wazima kundi zima. Hakuna aliyeingia. Tumejiuliza mara nyingi ni kwa nini, na jibu ni jepesi, linatutia aibu. Desturi yetu inafanya kazi kwa masikio. Katika mkimbio hakuna anayetazama, unasikia mtoto analia, unanyoosha mkono. Anayelia ndiye anayeshikwa. Mle ndani hapakuwa na sauti yoyote, sisi tukajua hakuna mtu.

Wanaume walimzuia Salima asirudi. Aliwaponyoka. Waliomfuata walimkuta amesimama mlangoni, na Shakila yuko pale pale kwenye mkeka, mgongo ukutani, vidole kwenye vitufe, matofali yanashuka. Kitufe cha kusimamisha mchezo kwenye kimashini chake kilishakufa zamani. Mama yake akamuuliza kama hakusikia risasi. Mtoto akajibu bila kuinua macho.

"Nilisikia. Nikikimbia, naanza tena ku mwanzo."

Mama wa watu akakaa chini kando yake. Hakumpiga, hakumnyang'anya. Alingoja mpaka mtoto aliposhindwa mwenyewe, ndipo akamshika mkono wakatoka. Risasi zilikuwa zimenyamaza kwa rehema ya Mungu tu.

Tangu siku hiyo hatuna raha. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wazee, na sisi tuna chumba kizima cha kimya. Tumeanza kuwatazama watoto wetu upya. Wapo wanaoitwa kula uji wasiinuke, uji wa soya, ambao zamani walikuwa wanapigania ukoko wake. Wapo wanaocheza hata kimashini hakina betri, vidole vinakwenda tu. Wapo, tena wengi, wanaocheza saa zao, wakaweka chini, wakatoka nje kuchokozana kama watoto wa Mungu. Mchezo ni ule ule. Kwa huyu umekuwa mlango wa kutokea, kwa yule umekuwa shimo la kuingia, na sisi tuliwahesabu wote pamoja tukasema wametulia.

Kwenye kikao Matata alitaka vimashini vyote virudishwe, na tusiwapelekee watu wa Muyinga ugonjwa tuliouona kwetu. Maalim alisema tusitupe mtoto pamoja na maji ya kuogea, mchezo umefundisha subira ambayo fimbo yake haikufundisha. Mimi nilikuwa upande wa Matata asubuhi, jioni nikahamia kwa Maalim, na sasa ninaposimama hapa sijui niko wapi. Salima, ambaye sote tulidhani ndiye atakayekuwa wa kwanza kuvichukia vimashini, alisimama akasema maneno tuliyokubaliana yasomwe kama alivyoyatamka.

"Nyumba walichukua. Baba yake walichukua. Ile kamashini iko yake. Mi sitaki mutu amunyang'anye mwanangu kitu kingine tena."

Sisi hatutamjibu katika risala hii.

UWANJA

Sehemu hii haikuwamo. Imeingia jana.

Katika kugombana kwetu kuna mtu aliuliza, kabla ya kimashini watoto hawa walikuwa wanacheza wapi? Jibu kila mtu analijua. Nyuma ya soko kuna uwanja. Sisi wenyewe tumekulia pale, tumevunjikia meno pale. Tangu askari waweke ngome upande wa juu, watoto wamekatazwa kuukanyaga. Tulipokwenda kuuliza, hatukutukanwa, tulielezwa vizuri kabisa. Afande alisema walinzi wake hawawezi kutofautisha kelele za watoto wanaocheza na kelele za watu wanaokimbia, na mlinzi asiyejua tofauti hufyatua. Tulimwelewa. Tulirudi mara nyingine, tukaambiwa tulete ombi lenye mhuri. Hatuna mhuri. Tuna cherehani.

Kwa hiyo, Madamu Mshauri, kabla hujaandika kwamba mchezo wa matofali unamfaa mtoto au unamharibu, tunakuomba ukumbuke kwamba sisi hatujawahi kuupima kandokando ya mchezo mwingine. Tuliwanyamazisha watoto, tukanyamazisha na vimashini, tukawafungia uwanja, kisha tukasifu utulivu wao. Mtu anaweza kusifu hivyo hivyo mbuzi aliyefungwa kamba kwamba hapendi kutembea.

MAOMBI

Kwanza, makatoni yaliyo garini. Wenzetu wa Muyinga hawana hata hicho kidogo tulicho nacho, na mtoto aliye chini ya kitanda mchana kutwa anahitaji kitu mkononi. Wapelekee. Ila usiwaulize akina mama wa kule kama watoto wametulia. Waulize hivi: mtoto wako akikiweka chini, anafanya nini? Analia, anacheka, anapigana, anasimulia, anamwita mwenzake? Huyo umwache acheze. Na kama hakiweki chini, mama ajue mapema, sio kama sisi.

Pili, huko Mwakiro na Butihinda vimashini vilie. Matata ameahidi kuunga tena waya kwenye vyetu, bure, na amesema kazi hiyo ataifanya bila kunung'unika. Mtoto anayecheza tumsikie alipo.

Tatu, usiondoke na vya kwetu. Tulitofautiana kwa mengi, lakini hili tumekubaliana sote, hata Matata, kwa ajili ya Salima.

La nne ni la leo hii. Ratiba uliyopewa mlangoni inasema kwamba baada ya risala ni zawadi, kisha chakula. Tumeibadilisha, na Maalim amejua sasa hivi aliponisikia. Maalim, samahani, pilau imefunikwa, haiendi popote. Tunaomba, Madamu, kabla ya chakula utembee nasi mpaka uwanjani. Ni hapo nyuma ya soko, dereva wako hatachelewa. Hatutaki mhuri. Tunataka walinzi wakuone wewe, Mshauri wa Gavana, umesimama katikati ya watoto wanaopiga kelele, ili masikio yao yajifunze leo kelele ya watoto inavyokuwa. Wakishaisikia mara moja na wewe ukiwapo, afande atakuwa na la kutuambia kesho zaidi ya mhuri. Tunajua tunachokuomba. Ingekuwa hakuna hatari, tungekwenda bila wewe.

Watoto wameelezwa. Watatoka wawili wawili, na ukikanyaga majani wameruhusiwa kupiga kelele wanavyotaka. Tulidhani watafurahi. Walitazamana. Mmoja akauliza ni kelele kiasi gani, mwingine akauliza nani atatangulia kupiga, maana wengi wao kelele hatujawahi kuwafundisha.

Shakila naye anakuja. Kimashini amemwachia mama yake, na kwa kuwa hakisimami, ameagiza matofali yasijae. Ndiyo maana mnamwona Salima pale nyuma anahangaika na vitufe, hajui kucheza hata kidogo, mtu asimcheke. Kabla ya kujipanga, mtoto aliuliza jambo moja tu.

"Nikipiga kelele, mutanisikia?"

Tumemwambia ndiyo. Madamu Mshauri, tunakuomba utangulie.

Mwenyezi Mungu akulinde katika barabara ya Muyinga, akurudishe salama kwa wanao, na awape watoto wa Burundi sauti na masikio ya kuwasikia.

Ni sisi,
Umoja wa Wazazi wa Mtaa wa Waswahili, Gitega,
pamoja na ndugu zetu wa Buraza na Mwakiro tunaoishi nao.